Mwenye Duka na Jicho Lisilo na Waya

Neno "hakuna" sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake. Ungeingia dukani kwake pale Katoro ukaulizia msumari wa inchi nne, utambi wa karabai, kamba ya kushukia duarani, yaani shimoni mwa wachimbaji, au sindano ya kushonea magunia, na jibu lilikuwa lile lile: "Kipo. Ngoja." Iwe kamba, iwe misumari, kwake kila kitu kilikuwa "kipo". Kisha angeanza kutafuta. Angepanda ngazi, angeshuka, angevuta boksi, angelirudisha, angepuliza vumbi, angepiga chafya, na wewe mteja umesimama pale ukihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Wenye haraka walijiondokea. Yeye aliendelea kutafuta, na akikipata alitoka nacho mbio hadi barabarani akiita, "Wewe wa sindano! Wewe!"

Tulimwita Mwenye Duka. Maduka Katoro miaka ile ya tisini yalikuwa mengi, kwa sababu dhahabu ilikuwa imevuta watu wa kila namna na wote walihitaji karai na sururu. Lakini ukisema Mwenye Duka bila kuongeza neno, hata mtoto angekuelekeza kwa yule Mhindi mfupi mwenye kandambili na miwani iliyofungwa uzi. Baba yake alitoka wapi na babu yake alikuja na nini, waulizeni wanaopenda kuhesabu mababu wa watu. Mimi nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza yake, na fundi wa baraza huona mengi, maana watu humsahau kama wanavyolisahau benchi.

Hakumwamini binadamu yeyote. Mlango wake ulikuwa na makufuli mengi mpaka kuufungua kulikuwa kazi ya kuamkia. Kila jioni aliyavuta moja moja, akaondoka, akarudi, akayavuta tena. Alisema, "Kufuli ni kama mtoto, lazima uliage mara mbili." Ila saa sita mchana, alipovuka barabara kwenda nyumbani kwake kumlisha mkewe, aliliacha duka wazi kabisa na kuniambia, "Mama Kulwa, tazama. Mtu akija mwambie kipo." Na mimi, ambaye pasi yangu mwenyewe ilishaibwa mbele ya macho yangu, nilikuwa ndiye mlinzi.

Ubahili wake ulikuwa wa ajabu. Hakutupa kipande cha uzi. Vipande vya kamba alivifunga fundo kwa fundo mpaka vikawa kamba, akaiuza, na mnunuzi akilalamikia mafundo aliambiwa ni ya kushikia mkono. Chai aliyonipa kila asubuhi ilikuwa na tangawizi ya kukutoa machozi na maziwa mengi, lakini kijiko cha pili cha sukari alikataa. "Sukari inaharibu meno ya fundi," alisema, "na fundi anakatia uzi kwa meno." Nilikuwa na mkasi shingoni, ananiona.

Basi sikilizeni. Mwaka ambao Kulwa na Doto waliugua surua, ilikuwa siku ya gulio, siku ambayo hata mwenye duka mgonjwa hufungua. Alinikuta barazani nimewapakata wote wawili, wamelegea. Alifunga duka, makufuli yote, akatupakia kwenye pikapu yake na kutupeleka Geita hospitali. Njia nzima alinung'unika: mafuta, mashimo, wateja anaowakosa, mimi ninayezaa mapacha kana kwamba mmoja hatoshi. Tulipofika alikaa kwenye ile korido akinung'unika mpaka Doto alipokunywa maji yakakaa tumboni. Hapo akanyamaza. Akatoka nje, na niliporudi kwenye pikapu nilimkuta anafuta miwani yake, na macho yalikuwa mekundu. Alisema ni vumbi. Nilimpenda mzee yule tangu siku ile, na ninasema bila haya.

Kiswahili chake kilikuwa na Kisukuma kingi kuliko Kihindi. Bibi wa Kisukuma akipanda ngazi za baraza alisimama na kumwamkia, "Mwangaluka, mayu," akangoja amalize habari za ng'ombe, mvua na wajukuu, kila jambo likijibiwa "mhola", yaani salama, mpaka liishe, ndipo amuulize anataka nini. Vijana wa machimboni ambao hawakuwa na muda wa salamu aliwahudumia polepole makusudi.

Kitu kimoja tu kilimtoa katika utulivu wake: picha. Sikukuu zikifika, wapiga picha wa mtaani walizunguka maduka na kamera zao, na wenye maduka walijipanga mbele ya bidhaa zao wakitabasamu. Yeye alijificha nyuma ya magunia ya chumvi. Sikuwahi kuona picha yake, si ukutani wala popote. Nilimtania siku moja kwamba labda anatafutwa na polisi. "Mama Kulwa," alisema, "vitu vyote vya duka hili watu wanaruhusiwa kutazama. Uso wangu si bidhaa."

Sasa nieleze kwa nini alikuwa hajui vitu vyake vilipo. Hakuwahi kujua. Aliyejua alikuwa mkewe.

Kwa miaka mingi mama yule alikaa kwenye kigoda pembeni ya kaunta akichambua choroko kwenye sinia. Mteja akitaja kitu, yeye bila kuinua macho alisema, "Kushoto. Chini. Nyuma ya rangi," na mumewe alikifuata kama aliyetumwa dukani kwa mtu. Duka lilikuwa kichwani mwake yule mama. Mzee alikuwa mikono tu. Hawakugombana mbele yangu hata siku moja, labda kwa sababu kazi waliigawana hivyo.

Kisha kiharusi kikampiga mama. Upande wa kulia ukafa, na ulimi ukafa pamoja nao. Akili ilibaki nzima, ungeiona machoni. Ndipo kule kutafuta kulipoanza, kupanda ngazi na kushuka, kupuliza vumbi. Mzee alijaribu kumleta dukani, tukambeba mimi na yeye juu ya kiti. Watu wakaanza: "Pole mama, jamani mama, ulikuwa hivi ukawa hivi." Mama aligeuzia ukuta ule upande wa uso ulioanguka, akabaki hivyo mpaka tulipomrudisha. Hakukubali tena kuvuka barabara. Alikuwa mwanamke wa kujiheshimu, hakutaka kuonwa.

Akabaki ndani, mbele ya dirisha lililoangalia ua. Alikataa kula vizuri. Mzee alikuwa anarudi mchana na sahani iliyojaa, anawamwagia kuku wangu.

Hapo ndipo mpwa wake wa Mwanza alipoleta kamera ya ulinzi. Kwamba ni kwa ajili ya wezi, hayo aliambiwa mpwa, na sisi sote tuliambiwa. Kamera iliwekwa kwenye kona juu ya mlango wa stoo, inatazama duka: mlango, kaunta, mashelfu ya upande mmoja. Lakini ile televisheni ndogo nyeusi na nyeupe, ya kutumia betri ya gari, haikuwekwa dukani ambapo mwenye duka angewaona wezi. Ilivushwa barabara ikawekwa kando ya kitanda cha mama. Waya mrefu ukapitishwa juu ya barabara kutoka paa hili hadi lile.

Sitasahau siku ya kwanza. Mteja aliomba bawaba za mlango. Mzee, "Kipo, ngoja," akaanza safari zake. Mkono wake ulipofika kwenye boksi fulani la chini, tukasikia ng'ambo ya barabara, nga! Mwiko juu ya sufuria. Akafungua boksi, bawaba hizo hapo. Alisimama na bawaba mkononi. Mteja akauliza ni nini hicho. "Ni mke wangu," alisema. "Anafanya kazi."

Mama akarudi kula.

Ila waya haukudumu. Msimu wa pamba ulipofika, malori yaliyojazwa marobota mpaka juu yaliukata. Tukauinua, yakaukata tena. Mzee akachimba akaupitisha chini ya barabara, greda la kusawazisha barabara likaufukua likaondoka nao kuelekea Ushirombo. Kila ulipokatika, kule ndani zilibaki chengachenga tu, na sufuria ilipigwa mfululizo kwa hasira mpaka mzee afike.

Mpwa akaja tena, safari hii na kidude kilichotoka Dubai. Kilikuwa kidogo cha kutoshea kiganjani, kina antena fupi, kinachomekwa nyuma ya kamera pale pale ulipokuwa unachomekwa waya. Basi. Kamera ikawa haina waya wa picha, na kwenye televisheni unazungusha tu kitufe mpaka duka litokee. Mzee alikizunguka kidude kile akikikagua kama mtu anayenunua mbuzi. Aliuliza picha inapita wapi. "Hewani, mjomba," alijibu mpwa. Mzee akatazama hewani juu ya barabara, lori la pamba likapita, na ng'ambo sufuria haikulia kwa hasira. Aliridhika. Hakuna kati yetu aliyejiuliza hewa ni ya nani.

Wachimbaji wana desturi moja, nayo wageni huchelewa kuielewa. Duara likitema, yaani mkipata mawe yenye dhahabu, hakuna anayesema. Anayesema hufuatwa: na shemeji, na mjomba, na mganga anayedai ndiye aliyelifungua. Mchimbaji aliyepata hununua vitu vyake kimya kimya kwa duka analoliamini, na duka la mzee liliaminiwa, kwa kuwa hakuwa na mdomo. Hapo ndipo biashara yake ilipokaa.

Kijana mmoja aliyeitwa Masanja aliingia mchana mmoja akitazama nyuma. Akachagua godoro nene, redio kubwa na mabati, akaomba vikae stoo mpaka apate usafiri. Alipotoka barazani, alikuta wenzake wa duarani wamesimama mbele ya cherehani yangu wamemkunjia mikono.

"Masanja," mmoja alisema taratibu, "si ulituambia duara limekauka?"

"Limekauka kweli!"

"Na godoro? Na redio ile uliyoibeba ukaichezesha?"

Waliondoka naye katikati yao. Alirudi kesho yake jicho limevimba, akasimama mlangoni akamwambia Mwenye Duka mbele za watu, "Mzee, nilikuita Bhabha, baba yangu. Kumbe unauza siri za watu." Habari ikatembea machimboni kwamba lile duka lina jicho. Wachimbaji wakaacha kuja. Alikaa kaunta siku nzima akiwangoja, na ng'ambo ya barabara mama naye akawatazama wasiokuja.

Ukweli niliukuta mimi, katika shughuli zangu. Jirani kabisa na nyumba ya mzee kulikuwa na kibanda cha video cha Shabani, kimejaa vijana kutwa. Shabani alikuwa amesimamisha antena juu ya mti mrefu akitumaini kunasa stesheni za Mwanza, lakini chakula chake kilikuwa deki na kanda za mapigano. Nilimpelekea pazia alilonituma nishone. Kanda ilikwama, akazima deki ili aitoe. Zikaja chengachenga, na katikati ya chengachenga ikatokea kaunta yetu, na mizani, na Mwenye Duka amejishika tama.

"Hii nini?" nilipiga kelele.

"Ah, hiyo," alisema Shabani, bado anahangaika na kanda. "Kila nikizima deki inakuja. Tumeshaizoea. Siku ya Masanja ndiyo ilikuwa tamu."

Kidude kilirusha picha mahali pale pale kwenye televisheni, yaani stesheni ile ile, ambapo deki zote za mtaani hutolea picha. Yeyote mwenye televisheni na antena karibu na pale alikuwa mlinzi wa duka.

Nilimvuta mzee kwa mkono mpaka kwenye kibanda. Tuliliona duka lake tupu limo ndani ya televisheni, na kupitia mlango wake, cherehani yangu haina mtu. Vijana walisogea kumpisha. Nilidhani atafoka. Aliniuliza tu, kwa sauti ndogo, "Na mimi huwa naonekana?"

"Mpaka kipara, mzee," Shabani alimjibu. Nilimkata jicho.

Mpwa alipigiwa simu kutoka posta. Akasema kidude hicho kina mahali pamoja tu pa kurushia, hakibadiliki, kizimwe. Ilikuwa ama wateja warudi, ama mama abaki na dirisha la ua. Nilimfuata mzee nyumbani kwa sababu sikutaka aingie peke yake. Alikaa ukingoni mwa kitanda akamweleza mkewe kwa lugha yao, na ingawa sikujua neno, nilijua kila alipofika. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha kwa mkono wake wa kushoto akachukua mwiko, akauweka mapajani mwa mumewe, na kwa kidevu akamwonyesha ile televisheni: zima.

Mzee aliuangalia ule mwiko. Nililia, sisemi uongo.

"Mama Kulwa," alisema bila kunitazama, "anasema nizime. Dukani nimemtii maisha yangu yote. Leo simtii." Akaurudisha mwiko mkononi mwa mkewe, akamkunja vidole mpaka vikaushika.

Alirudi dukani akapanda ngazi. Aliing'oa kamera kule konani akaipigilia kwenye boriti juu ya kaunta, ikielekea ndani. Sasa mteja alisimama nyuma ya kamera, haonekani hata sikio. Kilichoonekana kilikuwa mashelfu yote, juu mpaka chini, na mbele ya mashelfu Mwenye Duka, uso mzima, kutwa nzima, kwa yeyote aliyetaka kutazama. Mtu aliyejificha nyuma ya chumvi! Alishuka kwenye ngazi akajipangusa mikono.

"Mama Kulwa, nishonee shati," alisema. "La kola."

Kazi ya kueneza habari niliifanya mimi, na mdomo wangu ukafaa walau mara moja. Niliwaambia wachimbaji: jicho limegeuzwa, linamtazama mwenyewe, nendeni kwa Shabani mkahakikishe. Walikwenda, wakahakikisha, wakacheka, wakarudi mmoja mmoja. Hata Masanja alirudi, akaomba radhi kwa Kisukuma kirefu. Mzee akamjibu "mhola", akamuuzia kamba yenye mafundo. Kwa Shabani, kanda ikiisha, watu walisema, "Tuwekee Mwenye Duka kidogo." Mzee alijua. Alianza kuzichana zile nywele zake chache kila asubuhi, na sufuria ya ng'ambo ikawa inalia mapema zaidi, kwani sasa mama aliyaona mashelfu yote.

Baadaye mume wangu alipata shamba Ushirombo, tukahama. Habari za kifo cha mama zilinifikia zimechelewa, msiba umekwisha. Nilituma salamu na watu, lakini salamu za kutuma hazina uzito, na nilibaki na deni moyoni mpaka nilipopata nafasi ya kwenda Katoro.

Nyumba ya ng'ambo ilikuwa na kufuli mlangoni. Barazani palikuwa na fundi mwingine. Mzee alikuwa kaunta, amekonda, amevaa lile shati langu. Kola nilijua imegeuzwa baada ya kuchakaa, mshono haukuwa wa mkono wangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Kulwa. Mapacha hawajambo? Meno yao mazima?"

Tulikaa na msiba kidogo, kama inavyopasa. Kisha nikaona juu ya boriti kile kitaa chekundu cha kamera kinawaka, na kidude bado kimechomekwa nyuma yake. Nikatazama ile nyumba iliyofungwa, nikamtazama yeye.

"Mzee, bado unaiwasha?"

"Wezi," alisema, na kuuangalia mlango.

Nikamwambia nataka sindano za cherehani.

"Kipo. Ngoja."

Akaanzia upande wa kulia kabisa, kwenye mabomba. Akapanda, akashuka, akapiga chafya. Mimi nilijua zilipo: shelfu la chini kushoto, kopo la biskuti, nyuma ya rangi. Nilishafungua mdomo nimwambie. Mkono wake ukapita kwenye rangi, ukagusa kopo, na kutoka ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha Shabani, mtu akagonga debe. Nga!

Mzee hakushtuka. Alifungua kopo, akazitoa sindano, kisha akainua mkono kuelekea kamera, kama unavyomshukuru mtu aliyekupisha njia.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Nilipofungua baada ya msiba. Nilitafuta utambi mpaka mteja akaondoka, nami nikaendelea kutafuta. Nikasikia debe." Alifuta miwani. Safari hii hakusingizia vumbi. "Walimsikia akinifundisha, Mama Kulwa. Wameshika duka lote kichwani, wahuni wale."

"Si ulisema uso wako si bidhaa?"

"Na sijauuza," alisema. "Wanatazama bure."

Nilikuwa nimeomba sindano tu. Nikamwambia nataka pia vifungo vyeupe, na lastiki, na chaki ya kukatia kitambaa, na vyote nilijua vilipo. Yeye akasema kipo, ngoja, akapanda ngazi. Mimi nikaegemea kaunta, nikafumba mdomo wangu, nikangoja debe.